Kidonge Kimoja, Miili Mbalimbali: Tusiharakishe Kumwita Mgonjwa Mkaidi

Katika faili la hospitali la shangazi yangu mna sentensi moja fupi: "Mgonjwa ni mkaidi, hafuati masharti ya dawa." Makala haya yamezaliwa na sentensi hiyo.

Shangazi alipatwa na sonona mwaka mmoja baada ya kufiwa na mumewe. Sisemi huzuni ya kawaida ambayo kila aliyefiwa huipitia, nasema ugonjwa. Alikuwa halali usiku, hali chakula, hasemi na watu, na shamba lake la mihogo, ambalo majirani walikuwa wakilitolea mfano kwa usafi, liliota magugu hadi kiunoni. Wanawe wakampeleka hospitali, nako akaandikiwa vidonge vya amitriptilini, miligramu 75 kila usiku, kiasi ambacho vitabu vya tiba vinakiruhusu. Siku ya tatu alikuwa haamki hadi jua limepanda. Kinywa kimekauka hata tonge la ugali halipiti. Haja ndogo inamtaabisha. Akisimama, dunia inazunguka. Siku ya tano alianguka jikoni akaungua mkono. Akaviacha vidonge. Aliporudi hospitali na kueleza yaliyompata, aliambiwa kwamba wenzake wote huzimeza dawa hizo bila taabu. Likaandikwa neno lile, dawa ikaachwa kwa kiasi kile kile, na mwanawe akaagizwa amsimamie usiku akimeza.

Mimi si tabibu wa wagonjwa. Kazi yangu ni kufundisha chuo kikuu, na shahada yangu ya uzamivu niliipata Uswidi, ambako nilichunguza jinsi ini la mwanadamu linavyozishughulikia dawa. Nilipolisoma faili lile, kwa ruhusa ya shangazi mwenyewe, niliona haya kwa niaba ya taaluma yangu. Yale aliyoyasema mwanamke huyu asiyejua kusoma yamekuwamo katika majarida ya kisayansi kwa zaidi ya nusu karne, na sehemu ya ushahidi wake ilitokana na damu na mkojo wa Watanzania wenzake.

Nia yangu basi ni kudai jambo moja tu: mgonjwa wa sonona, au wa ugonjwa mwingine wa mhemko, akisema kwamba dawa imemshinda, au kwamba ameimeza wiki nyingi bila nafuu, maneno yake ni taarifa ya kitabibu, nayo yastahili kuandikwa na kuchunguzwa kabla ya tabia yake kuhukumiwa. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sayansi ya urithi inatuonyesha kwamba walisema kweli kupita walivyodhani.

SAFARI YA KIDONGE MWILINI

Msomaji asiye wa fani hii yampasa kwanza aielewe safari ya kidonge. Kikishamezwa, huyeyuka tumboni. Dawa hunyonywa na utumbo na kupelekwa kwenye ini kabla ya kuenea mwilini. Ini ndilo karakana ya mwili. Humo mna vimeng'enya, yaani protini ambazo kazi yake ni kubadili kemikali moja kuwa nyingine. Kwa upande wa amitriptilini, vimeng'enya viwili ndivyo vyenye kazi kubwa. Cha kwanza, kiitwacho CYP2C19, huibadili kuwa nortriptilini, ambayo nayo ni dawa kamili ya sonona. Cha pili, CYP2D6, huzibadili zote mbili ziwe kemikali ambazo mwili unaweza kuzitoa kwa njia ya mkojo.

Tufananishe kimeng'enya na mashine ya kusaga nafaka kijijini. Ikiwa kila jioni huletwa debe moja la mahindi, na mashine ina nguvu za kutosha, hadi asubuhi kazi imekwisha. Mashine ikiwa dhaifu, debe la leo litalikuta la jana halijamalizika, la kesho litalikuta la leo, na baada ya wiki moja ghala limefurika. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu mwenye kimeng'enya kilegevu: dawa hulundikana katika damu, na kiasi kilicho sawa kwa jirani yake kwake yeye huwa ni sumu ndogo ndogo ya kila siku. Kinyume chake, penye mashine mbili au tatu debe humalizika mara tu likifika. Mgonjwa humeza dawa kwa uaminifu wala asione nafuu yoyote. Huyu wa pili naye hushukiwa. Watu husema havimezi vidonge, anavitupa.

Maagizo ya kuunda kila kimeng'enya yameandikwa katika jeni. Jeni ya CYP2D6 imo katika kromosomu ya 22, na ya CYP2C19 katika kromosomu ya 10. Kwa kawaida kila mmoja wetu hurithi nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Nakala hizo si sawa kwa watu wote. Nyingine zina kasoro hata kimeng'enya hakiundwi kabisa. Nyingine huunda kimeng'enya kilicho kizito wa kazi. Na wako watu ambao jeni yao ya CYP2D6 imejirudia mara mbili au zaidi katika kromosomu moja, nao huivunja dawa kwa kasi kubwa. Hakuna dalili ya nje ya hali hizi. Mtu anaweza kuishi hadi uzee bila kujua, mpaka siku atakapopewa kidonge kinachohitaji kimeng'enya hicho.

SOMO LA MAPACHA NA LA MTAFITI ALIYEANGUKA

Sehemu kubwa ya elimu hii ilijengwa juu ya dawa za sonona zenyewe. Mwaka 1967, huko Stockholm, Folke Sjöqvist na mwenzake Hammer walipima dawa za sonona katika damu ya wagonjwa waliopewa kiasi kile kile, wakaona kwamba kiwango katika damu ya mmoja kinaweza kukizidi cha mwingine zaidi ya mara kumi. Je, tofauti hiyo ilitokana na chakula, umri, au mazingira? Mwaka 1969 Sjöqvist na wenzake waliwapa mapacha nortriptilini kwa muda wa siku nane, kisha wakawapima. Mapacha wa kufanana, ambao urithi wao ni mmoja, walikuwa na viwango vinavyokaribiana sana ikiwa hawakuwa wakitumia dawa nyingine. Mapacha wasiofanana walitofautiana. Jibu likawa dhahiri: urithi ndio uliokuwa na sehemu kubwa.

Kisa kingine kilitokea London mwaka 1975. Robert Smith, mtafiti wa dawa, alishiriki yeye mwenyewe katika jaribio la debrisokwini, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Wenzake waliomeza kiasi sawa hawakudhurika. Yeye shinikizo lake lilishuka mno, akazidiwa na kizunguzungu hata asiweze kusimama. Hakupuuza. Yeye na wenzake walichunguza, na mwaka 1977 wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Baadaye kimeng'enya kinachohusika kilitambuliwa kuwa ni CYP2D6, kile kile kinachoiondoa amitriptilini mwilini.

Naomba msomaji avilinganishe visa viwili. Mtafiti wa London alimeza kidonge, akaanguka, na kuanguka kwake kukafungua mlango mpya wa elimu. Shangazi yangu alimeza kidonge, akaanguka, akaitwa mkaidi. Tukio ni lile lile; kilichotofautiana ni nani aliyesadikiwa.

DAMU YA MTANZANIA ILISEMA NINI

Kati ya kila watu 100 wenye asili ya Ulaya, baina ya 5 na 10 hawana kabisa kimeng'enya cha CYP2D6 kinachofanya kazi, na sababu kuu ni aina ya jeni iliyopewa namba 4. Vipimo vingi vya mwanzo vilitengenezwa kwa kuitafuta aina hiyo. Je, kwetu Afrika?

Mwaka 1996 Collen Masimirembwa na wenzake walieleza aina nyingine ya jeni hiyo iliyoonekana kwa wingi miongoni mwa Wazimbabwe, ikapewa namba 17. Aina hii haikiondoi kimeng'enya, bali hukilegeza. Mwaka huo huo Eleni Aklillu na wenzake walichapisha matokeo ya Ethiopia, nayo yalikuwa ya kinyume: watu 29 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na jeni iliyojirudia, yaani mashine zaidi ya zile za kawaida. Kisha mwaka 1999 yakachapishwa matokeo ya Watanzania. Wengi wao walionekana kuivunja debrisokwini polepole kuliko ilivyotarajiwa, ingawa aina namba 4 ilikuwa haba. Aina namba 17 na nyingine iliyopewa namba 29 zilikuwa za kawaida, kila moja ikikaribia nakala moja kati ya tano za jeni hiyo. Mwaka 2001 ilithibitishwa kwamba namba 29 nayo hukilegeza kimeng'enya. Mwaka uliofuata utafiti mwingine uliofanywa kwa Watanzania ulionyesha kwamba ulegevu unaoletwa na namba 17 hutegemea ni dawa gani iliyomezwa: dawa moja huathirika sana, nyingine kidogo tu.

Maana yake ni nini kwa zahanati iliyoko wilayani? Maana yake ya kwanza ni kwamba Watanzania wengi wamo katikati: si wale wasio na kimeng'enya kabisa, bali wenye kimeng'enya kizito. Kwao kiasi cha dawa kilichosawazishwa kwa wastani wa watu wa nchi nyingine chaweza kuwa kikubwa kupita haja. Maana ya pili ni kwamba kipimo kilicholetwa kutoka nje, kinachoitafuta aina namba 4 peke yake, kingewaambia wengi wetu kwamba sisi ni wa kawaida, ilhali sivyo. Nguo ya kuazima haisitiri.

Aidha tujihadhari na wale wanaosema "Waafrika" kana kwamba ni watu wa kijiji kimoja. Mfano wa Ethiopia na Tanzania nimekwisha kuutoa. Mfano mwingine ni efavirenzi, dawa ya UKIMWI iliyotumika sana kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake. Efavirenzi iliwaletea baadhi ya wagonjwa ndoto za kutisha, kizunguzungu na hata huzuni nzito, hasa wale waliokuwa na aina legevu ya kimeng'enya kingine kiitwacho CYP2B6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha wagonjwa wa Ethiopia na wa Tanzania, ukaonyesha kwamba Watanzania walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha dawa hiyo katika damu, hata pale jeni zilipofanana. Ni wangapi miongoni mwa wagonjwa hao walioambiwa kwamba ndoto zao ni mawazo tu?

Na kinyume chake pia ni kweli: hatari iliyo kubwa kwa wengine yaweza kuwa haba kwetu. Kabamazepini ni dawa ya kifafa itumikayo pia kuutuliza ugonjwa wa baipola, ambao humfanya mtu apande katika furaha na nguvu zisizo za kawaida, kisha ashuke katika huzuni kuu. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwachunguza Wachina 44 ambao ngozi yao ilibabuka vibaya kwa sababu ya dawa hiyo, wakaona wote 44 wanayo aina moja ya jeni ya kinga ya mwili, HLA-B*15:02. Tangu hapo, katika nchi kadhaa za Asia, jeni hiyo hupimwa kabla ya kutoa dawa. Kwa Waafrika aina hiyo ni adimu mno. Lakini uadimu wake si kibali cha kulala: ngozi yaweza kubabuka kwa sababu nyinginezo, na mgonjwa anayetokwa na vipele, malengelenge au vidonda vya kinywani baada ya kuanza dawa hiyo lazima arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

TUSIITWIKE JENI MZIGO USIO WAKE

Baada ya kusema hayo yote, sina budi kuwatahadharisha wasomaji, hasa vijana wa sayansi, wasije wakaifanya jeni kuwa mganga mpya. Yako maswali mawili, nayo tusiyachanganye. La kwanza: mwili unaifanyia nini dawa? Swali hili limejibiwa vizuri, nalo ndilo nililolieleza hadi hapa. La pili: dawa inaufanyia nini ubongo, na kwa nini ubongo wa huyu unaitika na wa yule hauitiki? Hapo elimu bado ni changa.

Mwaka 2003 dunia iliambiwa kwamba jeni moja inayohusika na usafirishaji wa serotonini katika ubongo huamua nani atapatwa na sonona akikutwa na misiba. Yakaandikwa mamia ya makala. Mwaka 2019 watafiti waliirejea jeni hiyo pamoja na nyingine 17 zilizokuwa na sifa kama hiyo, wakatumia takwimu za mamia ya maelfu ya watu, na hawakuona kwamba jeni hizo zina uzito kuliko jeni yoyote iliyookotwa ovyo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 ulitaja tofauti za urithi karibu 700 zinazohusiana na sonona, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana.

Hali ni hiyo hiyo kwa lithiamu, dawa ya baipola ambayo John Cade wa Australia alitangaza manufaa yake mwaka 1949. Wako wagonjwa ambao lithiamu huwarudishia maisha yao yote, na wako ambao haiwasaidii kitu. Mwaka 2014 watafiti wa Taiwan walitangaza kwamba wameipata jeni inayotenganisha makundi hayo mawili. Waliojaribu kuyarudia matokeo hayo mahali pengine hawakufanikiwa.

Hata pale elimu ilipo thabiti, manufaa yake kwa mgonjwa yana mipaka. Huko Norwei, uchunguzi wa mwaka 2018 uliohusu wagonjwa zaidi ya 2,000 wa dawa iitwayo escitalopramu ulionyesha kwamba wenye CYP2C19 legevu sana na wenye ile ya kasi sana walibadilishiwa dawa mara tatu zaidi ya wenzao. Lakini huko Marekani, jaribio lililochapishwa mwaka 2022, la wanajeshi wastaafu wapatao 2,000 wenye sonona, lilionyesha kwamba kuwapima jeni kabla ya kuwachagulia dawa kuliwapa madaktari mwongozo, ila nafuu iliyoongezeka kwa wagonjwa ilikuwa ndogo, na ilipofika wiki ya 24 tofauti baina ya makundi haikuonekana tena.

Kwa nini? Kwa sababu jeni ni sababu moja katika msururu wa sababu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini huchochewa ini lake lifanye kazi kwa kasi, na dawa ya sonona ikapungua katika damu. Aliyepewa fluoksetini, ambayo ni dawa ya sonona pia, hufungiwa CYP2D6 yake. Akiongezewa amitriptilini bila hadhari, atakuwa kama mtu aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho, hata kama jeni zake ni kamilifu. Na iko sababu isiyohitaji maabara yoyote: dawa ilikwisha hospitalini, au nauli ya kuifuata haikupatikana. Mwanasayansi anayezitazama jeni na kuifumbia macho nauli amesoma nusu ya kitabu.

YATUPASAYO KUFANYA

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba madaktari wa magonjwa ya akili nchini ni wachache, foleni ni ndefu, na mhadhiri aliyesoma Ulaya anataka kutuletea anasa za Ulaya. Pingamizi hilo lina uzito, nami nisingeandika makala haya kama ningekuwa na maana ya kudai mashine ya kupima jeni katika kila wilaya. Nayadai mambo matano, na yale mawili ya mwanzo hayagharimu hata senti moja.

Kwanza, tuanze kidogo na kupanda polepole. Kidonge cha amitriptilini cha miligramu 25 kinapatikana. Mgonjwa, hasa mzee, aanziwe na kimoja usiku, aulizwe hali baada ya wiki, ndipo aongezewe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 unashauri kwamba mtu ambaye CYP2D6 yake haifanyi kazi ama asipewe dawa ya kundi hili, ama aanziwe nusu ya kiasi cha kawaida. Sisi tusiojua jeni za mgonjwa tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu. Lakini kuanza kidogo kusiwe kisingizio cha kubaki hapo hapo: asiyeona nafuu wala maudhi yoyote huenda mashine yake ni ya kasi, naye anahitaji kuongezewa au kubadilishiwa dawa.

Pili, tubadili lugha ya mafaili. Badala ya neno "mkaidi", yaandikwe mambo manne: jina la dawa na kiasi chake, siku ambayo tatizo lilianza, tatizo lenyewe kwa maneno ya mgonjwa, na dawa nyingine zote anazotumia, zikiwamo za miti shamba. Mistari minne hiyo, ikikusanywa kutoka kliniki 100 kwa miaka mitano, ni hazina ya utafiti ambayo hakuna msaada wa kigeni utakaotuletea.

Tatu, hospitali za rufaa ziwezeshwe kupima kiwango cha dawa za sonona katika damu. Kwa lithiamu hakuna anayebisha: kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba damu ipimwe, na kwamba kwa wagonjwa wengi kiwango kifaacho kiko kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita. Sababu ya hadhari hiyo ni kwamba kati ya lithiamu inayotibu na inayodhuru pana hatua fupi. Amitriptilini nayo ikizidi huudhuru moyo, na watu tofauti huwa na viwango tofauti mno. Kipimo cha damu kina faida moja ambayo kipimo cha jeni hakina: huonyesha matokeo ya sababu zote kwa pamoja, yaani jeni, dawa nyingine, umri na hata vidonge vilivyosahauliwa.

Nne, tuwe na utafiti wetu, na matokeo yake yarudi nyumbani. Watanzania walioombwa damu na mkojo wao katika miaka ya 1990 walitoa kwa moyo mweupe. Matokeo yalichapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya Ulaya, na wanafunzi wangu wengi huyasikia kwa mara ya kwanza darasani kwangu, ilhali wauguzi wanaotoa dawa hizo kila siku hawajayasikia kabisa. Tumezoea kulalamika kwamba korosho zetu husafirishwa zikiwa ghafi, zikabanguliwa kwingine. Tusifanye vivyo hivyo kwa damu yetu. Kila utafiti wa aina hii uwe na sharti kwamba sampuli zitunzwe kwa makubaliano yanayoeleweka, vijana wetu wafunzwe kuzichambua, na muhtasari wa matokeo utolewe kwa Kiswahili kwa wahudumu wa afya.

Tano, tujilinde dhidi ya wauzaji. Tayari yako makampuni duniani yanayouza vipimo vya mate kwa ahadi kwamba yatakuchagulia dawa ya sonona ikufaayo. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi na madaktari kwamba ahadi nyingi za namna hiyo hazina ushahidi wa kutosha. Kipimo kisichozijua namba 17 na 29, kikiuzwa kwa Mtanzania, ni biashara wala si tiba. Vyombo vinavyohusika viviulize vipimo hivyo swali moja kabla ya kuviruhusu: vilijaribiwa kwa nani?

NENO KWA MGONJWA NA KWA JAMAA ZAKE

Ningefanya kosa kubwa ikiwa mgonjwa atayasoma haya akavitupa vidonge vyake. Ndugu msomaji, dawa hizi zimeokoa maisha ya watu wengi, nazo huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya kuonyesha nafuu kamili. Kuziacha ghafla kwaweza kuurudisha ugonjwa, na sonona isiyotibiwa huua. Ikiwa dawa inakutesa, usinyamaze, na usijipunguzie mwenyewe. Rudi kwa aliyekupa ukamweleze siku, saa na namna. Ukisikia mawazo ya kujidhuru, au ndugu yako akayasema, nendeni hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Na vidonge vya amitriptilini vifungiwe mbali na watoto, kwa maana vichache tu vyaweza kumuua mtoto.

Shangazi yangu hajapimwa jeni hata leo, wala hakuhitaji kupimwa. Daktari mwingine alimsikiliza kwa muda wa nusu saa, akamwanzishia kidonge kimoja cha miligramu 25, akamwongezea cha pili baada ya wiki tatu, akaishia hapo. Mwezi wa tatu alianza kulalamika kwamba vijana wamelipanda shamba lake ovyo ovyo, nasi sote tukafurahi, maana ndiyo sauti yake tuliyoizoea.

Sentensi ile bado imo katika faili lake. Sidai ifutwe, kwani kumbukumbu za hospitali hazifutwi. Nadai tu kwamba chini yake paandikwe nyingine, iliyo ya kweli, isomwe na kila atakayemtibu baadaye: "Mgonjwa huyu hadhuriki kwa kiasi kidogo cha dawa hii, kiasi kikubwa humdhuru. Alitwambia mapema."